Nyoka Wangu Amekula

Jumanne, usiku

Amekula. Mimi niliyekula maisha Nairobi na Kampala, nilikuwa nimeshindwa na kinyoka chembamba kama kamba ya kiatu.

Tangu nianze kumfuga nampa dagaa tu, maana hapa Musoma nani anakataaga dagaa? Yeye akakataa. Akakonda, nikajua atanifia.

Leo mke wangu, aliyeapa hatalisogelea lile boksi la nyoka, kaleta kitoto cha panya alichokikuta kwenye gunia la mahindi.

"Baba Neema, huyo siyo bata wa kula dagaa. Mpe hiki."

Nyoka akakimeza chote. Majirani nimewaambia nilijua tangu mwanzo.

Mke wangu akachungulia. "Anaitwa nani?"

"Jemedari," nikasema haraka. Jina sikuwa nimempa. Niliogopa kumzika mwenye jina.