Kura ya Bi Salma na Posa ya Mjukuu Wake

Nassor, ndugu yangu,

Assalamu alaykum huko uliko. Uniwie radhi kwa kimya changu kirefu. Tangu nije Maskati sijaacha kukuombea dua, lakini kukuandikia sikuweza. Kila nikishika kalamu, ghadhabu hunitangulia.

Naishi Bawshar, kwenye mitende, pamoja na binti yako Zuwena. Mimi ndiye walii wake sasa, wa kumwozesha. Mwaka huu nchi imepata mtawala mpya, milango imefunguliwa, na watu wa Unguja wanaingia kutafuta kazi serikalini. Mmoja wao amekuja kumposa Zuwena. Ni Hilali, mjukuu wa Bi Salma.

Jimbo letu la kule Unguja halipo tena. Mapinduzi yameyafuta majimbo pamoja na masanduku yake ya kura. Unakumbuka lilivyokwenda. Uchaguzi wa kwanza tulitaniana. Baada yake tukasusiana maduka, visima, hata mazishi. Wanawake walipopewa kura, tukachinjana.

Ulikuwa wakala wa chama, umesimama mlangoni mwa skuli niliyosomesha, ukiwazuia wanaotaka kupiga kura mara mbili. Bi Salma alitoka kwenye mstari kwenda kusali adhuhuri. Aliporudi, wewe ukaona buibui lile lile linakuja tena. "Huyu keshapiga! Afunue uso!" Nilikwambia, "Nassor, muache mama wa watu." Hukunisikia. Ukamvuta shela, ikachanika mbele ya wanaume.

Wanawe wakaja na mapanga. Walikukata bega, wakakukata shingo, nawe umeegemea ukuta wa darasa, damu ikiruka mpaka ubaoni. Jioni watu wa chama chetu wakaichoma nyumba ya bibi yule. Nilikuosha mwenyewe. Maji hayakukubali kuwa meupe.

Ijumaa iliyopita Hilali alikuja kwangu. Hakungoja kahawa. "Mzee, bora ulisikie kwangu: baba yangu alikuwamo."

"Alimkata?"

"Alimkata."

Nikamtandika bakora ya uso. Alipoanguka nikamtandika tena. Ana nguvu za kunivunja mkono. Yeye mikono yake aliiweka mgongoni. Zuwena akatoka ndani mbio, akamfunga jeraha kwa mtandio wake, kisha akanigeukia: "Ami, mmeshalipana? Au nikamwite na babake aje kupigwa?" Binti yako ana ulimi wako.

Jana kijana alirudi, jicho limevimba, akaleta posa ile ile. Si mwoga, na hilo ndilo linalonitesa. Ningependa awe mwoga. Nikimpa, nitakaa kwenye karamu moja ya walima na mtoto wa aliyekuua, na watoto wa Zuwena wataitwa kwa jina la mtu yule. Nikimnyima, Zuwena ameapa hataolewa na mwengine, na uso wake tayari umeanza kukauka. Hukumu naijua, nimeisomesha miaka mingi: mtu habebi dhambi ya baba yake. Naijua, Nassor. Lakini usiku naona bega lako, na mkono wangu unaitafuta bakora.

Nimemwambia aje kuchukua jawabu baada ya sala ya Ijumaa.

Lala kwa amani, mdogo wangu, Allah akughufirie. Nikishakata shauri nitakuandikia wewe kwanza, kabla sijamjibu Hilali, na kabla Zuwena hajalisoma usoni mwangu.

Kaka yako,
Saleh