Kiwiko cha Kumgeuza Baba Mapacha

Baba Mapacha,

Chai iko kwenye chupa. Fundi bomba anakuja saa nne, umfungulie.

Asubuhi umepandisha fulana, ukamwonyesha dada yako ubavu: “Wifi yako ananipiga usingizini.” Mkacheka weee! Ndiyo, nakupiga kiwiko, tena nikiwa macho kodo. Ukilala chali, mkoromo unakatika na pumzi nayo inakatika. Nikikugeuza ulale ubavu, unahema. Katangazie na mtaa mzima.

~~Leo lala sebuleni.~~ Hapana. Lala chumbani, nikusikie.

Jumatatu tunakwenda hospitali, upende usipende. Mpaka hapo, kiwiko kiko kazini.

Ubavu ukivimba hupona, mume wangu. Ujane hauna dawa.

Mkeo,
Mama Mapacha