Kibati cha Saba Mlangoni kwa Mama

S.L.P. 214,
Nyeri.
11 Mei, 1978.

Mpendwa ndugu yangu Mutahi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani wewe, na Ngendo mke wako, na watoto? Yule mdogo aliyekuwa na kikohozi, kilipona? Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo wa fundi wa cherehani huwezi kuuita ugonjwa. Mama naye ni mzima. Anakula, anaenda kanisani kwa miguu yake, na macho yake yanaona mbali kuliko yangu, hasa siku nikiwa na haraka na kutaka kupita bila kumwamkia.

Mvua ya Aprili ilinyesha vizuri. Viazi vyangu vya Mweiga vimeshika, na baridi haijavigusa bado.

Barua yako ya tarehe 19 Machi niliipata. Niliisoma mara tatu, kisha nikaiweka kabatini wiki sita, kwa maana ningejibu siku ile ningeandika maneno ambayo posta ingekataa kuyabeba. Sasa nimepoa. Nakujibu.

Uliandika kwamba umesikia nimeuza nyumba ya Mama. Ati Theuri, mtoto wa baba mkubwa, alipokuja huko Kitale na lori lake kuchukua mahindi, alikuambia amesoma kwa macho yake orodha iliyobandikwa nje ya ofisi ya kaunsili: Barabara ya Mierezi, nyumba namba 8, Dawud. Na namba 8 ndiyo iliyogongomewa mlangoni kwa Mama. Theuri hakudanganya. Alisoma sawasawa. Lakini kusoma ni kazi moja na kuuliza ni kazi nyingine, na nyinyi wawili mlifanya ile ya kwanza tu.

Mutahi, mimi nilianza mwaka 1961 na cherehani moja ya kuazima. Leo niko na nne, na wasichana watatu wananishonea sare za shule, na nyumba ya mawe ya vyumba vinne kule Mweiga ambayo hakuna mtu aliyenisaidia hata msumari. Nyumba ya Mama ni vyumba viwili vya mbao. Ningeiba nini pale? Nimesema hivyo mara moja, sitarudia.

Badala ya kugombana nimefuata namba za nyumba ile tangu mwanzo, na nataka wewe pia uzifuate.

Kibali cha Mama bado kimo ndani ya lile kopo la majani chai chini ya kitanda. Kinasema 1957, Na. 31, Pemberton Road. Wakati ule namba haikufuata mahali nyumba iliposimama, ilifuata siku mtu alipopewa kibali. Ndiyo maana 31 yetu ilikaa kando ya 12, na mgeni aliyetafuta 32 alipanda barabara yote mpaka machimbo ya mawe ndipo aione. Zilipakwa rangi nyekundu kwenye ubao wa juu ya mlango.

Mwaka 1965 Pemberton aling'olewa kwenye nguzo, tukawa Barabara ya Umoja. Nyumba zikahesabiwa upya, safari hii kwa utaratibu, kuanzia sokoni kupanda, 1 hadi 22, kwa kuwa mstari ni mmoja tu na ng'ambo ni kijito. Kila mlango ukapata kibati chake cha namba. Halafu mwaka 1973 wakagundua kwamba mji una Barabara za Umoja mbili, yetu ikaitwa Mierezi, ingawa mwerezi wa mwisho pale ulikatwa kabla sijazaliwa. Vibati havikuguswa. Kwa hiyo majina matatu, hesabu mbili. Mpaka hapo nilikuwa naelewa.

Nikaenda kaunsili na kibali mkononi. Karani ni kijana anaitwa Kingori, ana adabu lakini ana haraka. Alifungua kitabu cha 1965, ambacho kina namba za zamani upande mmoja na mpya upande wa pili. Ya zamani 31, mpya 7, jina Gathoni, yaani Mama. Ya zamani 12, mpya 8, jina Dawud. Nikamwambia kitabu kimekosea, mama yangu ni namba 8, na mlango ule nimeuingia miaka ishirini na moja. Akasema kitabu hakitembei milangoni, mama. Nikamwambia basi twende sisi tulio na miguu.

Alikuja kesho yake, nadhani ili aondokane nami. Nilikuwa na kisu cha jikoni. Mbele yake nikakwangua ubao wa juu ya mlango wa Mama: kijani ya juzi, chini yake buluu, chini ya buluu ikatokea 31, nyekundu, ile moja imeinama kidogo kama mtu aliyeegemea fimbo. Tukaenda mlango wa pili, kwa Mwanasiti mjane wa Dawud. Kibati chake kinasema 7. Nikakwangua, ikatoka 12.

Kitabu kilikuwa sawa, Mutahi. Nyumba zilikuwa sawa. Vibati ndivyo vilivyokaa mlango usio wake.

Muda huo wote Mama alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe, anatuangalia. Hapo ndipo aliposema, kama mtu aliyeulizwa kama jua limetoka:

"Si vilibadilishwa na Mutahi."

Nikamwuliza kwa nini hakutuambia tangu tulipofika. Akasema hakuna aliyemwuliza. Aliona watu wawili waliosoma wakikwangua mlango wake, akadhani ni kazi ya serikali.

Sasa umekumbuka? Mimi wiki ile nilikuwa Karatina najifunza kukata makoti, ndiyo maana sikujua. Mama anasema watu wa kaunsili walipogongomea vibati yeye alikuwa shambani. Jioni akarudi, akaona 7, hakuingia. Akaketi nje juu ya debe na mzigo wake wa kuni mgongoni. Unamjua. Kwa wazee wetu mugwanja, yaani saba, si namba ya kulala nyuma yake, ni ya mganga na ya viapo. Mpaka leo akihesabu mayai akifika sita anakohoa, kisha anaendelea na nane, na mimi nahesabu tena akitoka.

Dawud akatoka kuuliza kuna msiba gani. Alipoelezwa alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema kwao saba ni heri tupu, mbingu zenyewe ni saba, na kama Mama Mutahi haitaki namba hiyo yeye anaiomba. Ndipo wewe ukaleta koleo na nyundo. Kazi ya dakika kumi. Mama akaingia akawasha moto. Hakuna aliyekwenda kumwarifu karani, maana hapakuwa na ugomvi, na sisi jambo lisilo na ugomvi hatulipeleki ofisini.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukimtafuta aliyeitoa nyumba ya Mama kwenye namba yake, ni wewe na koleo lako. Siku ile nilicheka peke yangu njiani mpaka sokoni. Baada ya sokoni nikakasirika.

Tuache hayo, kuna jambo kubwa zaidi. Tarehe 30 Juni wapimaji wanakuja kuandika daftari la kudumu. Watatazama mlango, watatazama kitabu. Visipokubaliana, nyumba itaandikwa kuwa haina mwenyewe, na watu wa kuziomba nyumba za namna hiyo wako tayari, nimewaona wakipitapita na viatu vyao safi.

Kingori ametupa njia mbili. Ya kwanza ni kurudisha vibati, misumari minne basi. Mimi nilikuwa nimeshaenda kutafuta nyundo. Mwanasiti akasema, "Murugi, mimi nimeizoea saba yangu. Unataka nihame nikiwa nimekaa?" Lakini ni jirani mwema, akakubali. Mama hakukubali. Hakupiga kelele, unajua hapigi kelele. Alisema tu kwamba siku kibati kile kitakaporudi yeye atarudi kwenye debe, na safari hii ana miaka sabini na mbili na mvua ni ya Mei.

Njia ya pili ni kitabu kifuate mlango. Kingori atakisahihisha, lakini lazima aliyebadilisha vibati aeleze kwa maandishi na kutia sahihi mbele ya chifu huko aliko, au aje mwenyewe aseme mezani. Dawud yuko kaburini. Mama na Mwanasiti hawawezi kujishuhudia. Mimi sikuwepo. Umebaki wewe peke yako katika Kenya nzima.

Nikamwambia Mama asiwe na wasiwasi, nitakuandikia utume karatasi. Aliokota harage bovu, akalitupa. Kisha akasema, "Karatasi itasema nini? Aliyetoa kibati ni mtu. Aje mtu."

Nikamweleza kwamba karatasi inatosha, ofisi imekubali.

"Ofisi haikumzaa," akasema.

Nikaketi kando yake, nikachambua maharagwe naye.

Ulikuja mara ya mwisho Desemba 1968, ukalala siku mbili. Ni miaka tisa na miezi mitano. Mama miaka haihesabu kwa sauti. Lakini nimekuwa naye, nimeona. Kila Desemba alikuwa akiniuliza kama umeandika siku utakayofika. Mwaka wa saba hakuuliza kabisa. Wa nane akaanza tena, kana kwamba ule uliopita haukuwepo.

Mimi ni mtu wa vitendo, kwa hiyo nakuambia ninachotaka. Ndani ya bahasha hii kuna maneno aliyoandika Kingori, yanakili kama yalivyo, jina, tarehe, namba ya zamani na mpya, 31 na 12, 7 na 8, usizigeuze. Peleka kwa chifu. Tuma kwa rejista ifike kabla ya tarehe 10 Juni, ili ikipotea niwe na siku ishirini za kupambana. Hiyo italinda nyumba. Pia uniandikie mstari mmoja wa kusema ulinikosea. Mmoja unatosha, sihitaji ukurasa.

Kuhusu safari sikulazimishi. Najua kazi ya kinu cha mahindi haina likizo, na najua nauli. Ila nimekupimia: ukitoka Kitale Ijumaa alfajiri, Jumamosi mchana uko hapa, Jumatatu asubuhi ofisi inafunguliwa saa mbili. Kingori atapokea karatasi. Mama, sidhani.

Nisalimie Ngendo sana, na watoto kila mmoja kwa jina lake. Mwanasiti na binti yake Waridi wanakusalimu, na Mwanasiti anasema koleo lile lilikuwa la marehemu bwana wake, hukulirudisha. Theuri akipita huko na lori mpe salamu zangu, umwambie nyumba yangu iko na mlango wa kubisha. Mungu awaweke, awape mvua ya kutosha na jua la kukaushia mahindi.

Kabla sijafunga bahasha nilimwuliza Mama niandike salamu gani kutoka kwake. Akasema nisiandike kitu. Zake hazitumwi. Anazo, zipo mlangoni.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,

Murugi