Bakuli la Kaburi la Baba

Tungue

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai kifua kimeachia na usingizi unaupata. Mimi mwanao mzima wa mwili, roho usiiulize.

Kazi ni ile ile ya kuwapikia wageni kwenye nyumba ya mapumziko hapa pwani. Asubuhi wanapandishwa gari, leo magofu, kesho fukwe, na mimi nyuma na sufuria la pilau, maana watu hawa wakiona ukuta uliobomoka tu, njaa inawashika. Patroa, mwenye nyumba, alitukanya mapema: "Wageni wamekuja kupumzika. Vita na misiba yenu, iacheni kwenu."

Juzi wakapelekwa mji wa kale, kule alikozikwa Baba. Kaburi nililijua kwa bakuli lako la maua ya buluu, lile alilovuka nalo Ruvuma. Walilipachika kichwani mwa kaburi, kama ada yetu. Nyumba zimeungua, waliomzika wametawanyika, bakuli zima! Mgeni mmoja, bibi wa makamo, akaniuliza, "Huyu nani?" Patroa kanikodolea macho. Nikasema, "Simjui. Mtu wa zamani tu." Mama, nilimkana baba yangu kwa kuogopa kufukuzwa. Nilaani ukitaka.

Yule bibi akasema, kama hana mwenyewe, basi. Akalibandua lile bakuli kwa kisu changu cha vitunguu.

Jioni akaniletea nilioshe, nimtilie korosho. Hapo nikashindwa. "Bibi, hilo ni la baba yangu." Wakacheka meza nzima. "Mchana humjui, jioni kawa baba yako!" Patroa akaongeza kwamba sisi kwa kutafuta bakshishi hatujambo. Basi nikatia korosho, nikasimama pembeni mpaka walipozimaliza.

Jana wameondoka nalo. Bibi, kwa huruma zake, akaniachia bakuli la plastiki jekundu. "Kaweke hili, kama kweli ni baba yako." Mshenzi mkubwa! Nami nikamwambia ahsante.

Nisalimie kaka, na wifi aliyejifungua, na mjomba wa sokoni. Shangazi, dada yake Baba, msalimie ila usimsomee barua hii. Hatanisamehe, na ana haki.

Ukija kumzuru, Mama, tafuta bakuli la plastiki jekundu. Nimeliweka leo asubuhi kwa mkono wangu. Nilizunguka sana kabla sijapaona mahali penyewe, na hata sasa sina hakika kama ni yeye.

Mwanao,
Somoe