Jina Lililobaki Jandoni

Mnyambe,
10 Januari 2016

Mdogo wangu Stamili,

Salamu zangu zikufikie huko Masasi. Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo kwa mvua hizi, lakini mdomo wake haujaugua, asubuhi amenigombeza kabla sijanawa uso. Barua nampa jirani yetu Dominika anayeshuka kesho, maana mambo haya si ya kupigia kelele kwenye simu.

Mwanao ametoka jandoni salama, na ngoma imekesha hapa nyumbani. Jina lake sasa ni Ashiru, nawe kuanzia leo ni Mama Ashiru. Lile la utotoni limebaki jandoni pamoja na utoto wake. Atakayemwita kwalo amemtukana, hata awe mzazi, kwa hiyo chunga ulimi.

Jambo la pili si zuri. Wenzake wa darasa la saba wameitwa sekondari, wanashona sare. Kwetu hajaja mtu. Majina yalibandikwa Desemba tukiwa porini kwenye jando, na sasa karatasi imenyeshewa haisomeki. Ashiru anajifanya hajali, ila jana nilimkuta amekaa barabarani anawatazama wenzake wakipita.

Kaka yako,
Twahiru


Masasi,
18 Januari 2016

Kaka Twahiru, shikamoo,

Mimi mzima, jiko linawaka, wapagazi wa korosho wanakula. Mpe Mama pole ya kikohozi.

Kwa jina nimefurahi. Hilo la sekondari limeninyima usingizi. Mtoto yule likizo iliyopita aliwafundisha hesabu watoto wa jirani kwa mkaa ukutani, nikamchapa kwa kuchafua ukuta. Siamini kwamba amefeli. Wewe ndiye mjomba wake, neno lako ndilo linalosikika. Nenda naye ukaulize, kaka. Mimi sikupata kuisogelea sekondari, nataka yeye aingie.

Mdogo wako,
Stamili


Mnyambe,
6 Machi 2016

Mama Ashiru, mdogo wangu,

Hatujambo, Mama amepona, mihogo imeshika vizuri.

Nilikwenda na Ashiru sekondari, amevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe. Karani akauliza jina. Nikasema Ashiru Shamte. Akapekua, akarudia kupekua, akasema hayumo. Lile jingine lilinifika kooni, lakini watu walijaa, na wasichana wapo, na kijana ndiyo kwanza katoka jandoni. Ningemvua nguo hadharani. Isitoshe mwalimu mkuu wake wa msingi alikuja kwenye ngoma yetu, nikajua jina jipya ameshalipeleka.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Namteremsha kwako Jumamosi, umtafutie fundi wa pikipiki. Njiani alisema neno moja tu: "Basi, mjomba, mimi sina kichwa."

Kaka yako,
Twahiru


Masasi,
14 Agosti 2025

Kaka Twahiru, shikamoo,

Natumaini mmemaliza kupulizia salfa mikorosho na kifua chako hakijambo. Huku wazima, Ashiru na mkewe Yasinta wanakusalimu. Banda lake la ufundi halikosi watu.

Jana alikula kwangu mwalimu mmoja, Lameck, mtu wa Mwanza. Aliposikia mimi ni wa Mnyambe akasema alianzia kazi huko, sekondari. Akanisimulia habari ya mtoto aliyekuwa wa kwanza kata nzima, akaitwa, asionekane. Mwalimu akamfuata hadi nyumbani, akamkuta bibi anachambua mbaazi, akamtaja mtoto. Bibi akamjibu, "Huyo alibaki jandoni. Usimtaje tena hapa." Mwalimu akavua kofia, akatoa pole, akaenda kuandika kwamba mtoto amefariki.

Nikamuuliza jina. Nisamehe, nalitaja: Tahiri Shamte.

Kaka, wali uliungua nami nimeusimamia. Mwanangu aliandikwa maiti kwa sababu bibi yake alisema sawasawa vile anavyopaswa kusema. Miaka tisa anaamini hana kichwa. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Stamili


Mnyambe,
25 Agosti 2025

Mdogo wangu Stamili,

Sisi tupo, afya ni hivyo hivyo. Barua yako niliisomea shambani, nikakaa chini.

Nimemuuliza Mama. Anakumbuka, anasema mwalimu yule alikuwa na adabu sana. Sikumweleza zaidi, kwa umri wake tutamuua. Mimi ndiye niliyekuwa na neno mdomoni nikalimeza, nikaliita heshima. Najuta, Stamili, najuta sana.

Lakini usimwambie. Ana kazi, ana mke, watu wanamheshimu. Maji yakimwagika hayazoleki. Usimpe kidonda asichokuwa nacho. Mwezi ujao nitashuka kumsalimu, nikae naye tu.

Kaka yako,
Twahiru


Masasi,
9 Septemba 2025

Kaka, shikamoo,

Mtunze Mama. Sisi hatuumwi.

Nimemwambia. Kidonda alikuwa nacho, kaka, ni sisi tu hatukukiona. Alikuwa amefungua injini ya mtu. Akaniuliza, "Kwa hiyo sikufeli?" Nikamwambia hukufeli. Akaniuliza tena vilevile. Kisha akasema siku zote anamwambia Yasinta kwamba wakipata mtoto, aombe achukue akili za mama yake. Hapo mimi nililia.

Yeye hakulia. Alisema siku ile kwa karani alisubiri wewe ulitaje. Akilitaja mwenyewe amejitukana, lakini mjomba angelitaja angevumilia, maana ni mjomba.

Nimempeleka kwa Mwalimu Lameck, wamezungumza habari ya masomo ya jioni ya watu wazima. Alisikiliza, akasema atafikiri. Tangu hapo bandani haendi, na mwenye injini ameshakuja kuiulizia.

Ulisema utashuka mwezi huu. Ameniomba nikuandikie usije.

Mdogo wako,
Stamili