Barua ya Nunow ya Kuomba Kazi

Jumatatu, 5 Septemba 1966

Wanafunzi kumi na mmoja. Mashine za taipu tatu, moja utepe wake umekwisha. Somo: barua ya kuomba kazi.

Serikali inatafuta karani wa kuandikisha watu watakaohamishiwa kijiji kipya, kile kinachozungushiwa seng'enge. Nafasi ni moja tu. Lakini vita hivi na waasi wa shifta vitakwisha, na siku hiyo ofisi zote za huku zitataka watu wa huku wanaojua kupiga taipu, kupanga faili, kutafsiri, kufika saa mbili kamili na kufunga mdomo. Hayo ndiyo ninayofundisha. Ndiyo sababu nilikubali kutoka Nyeri kuja hapa Garissa na miaka yangu sitini na mitatu.

Nunow ndiye bora. Ana miaka ishirini na miwili, vidole vyepesi. Barua yake ilisema Nunow Bare, mzaliwa wa Garissa. Nikamwuliza: kweli ulizaliwa Garissa? Hapana — Diff, kule mpakani. Mama yake alikuwa akifuata ngamia. Nikamrudishia karatasi. Jina lako, la baba, la babu, na mahali pa kweli pa kuzaliwa. Karani anayedanganya katika mstari wa kwanza atadanganya katika daftari.

"Mwalimu, Diff iko mbaya siku hizi," akasema. "Wewe unaandika Diff, askari anasoma Mogadishu."

Saynab, msichana pekee darasani, akamchokoza: "Andika umezaliwa juu ya ngamia, basi! Ngamia haina wilaya."

Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Akapiga upya: Nunow Bare Nuh, Diff. Barua safi, haina kosa hata moja.

Jumatano, 7 Septemba

Nimezipeleka barua ofisini mwenyewe. Kioko, karani mkuu, aliisoma ya Nunow mara mbili. "Mzee, huyu atanifukuza kwenye kiti changu!" Nilirudi nyumbani nikitembea kama kijana.

Saa nane, katikati ya somo la kupanga faili — mlipuko. Bati la paa lilitikisika. Lori limekanyaga bomu barabara ya Wajir. Wengine wanasema wamekufa watatu, wengine saba. Wanafunzi walitazamana wao kwa wao. Hakuna aliyenitazama mimi.

Chaki ilikuwa imeniponyoka. Niliiokota nikaendelea kuandika ubaoni. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya.

Ijumaa, 9 Septemba

Msako tangu alfajiri. Malori mengi. Wanaume wameketishwa chini katika zizi la mnada, juani, mikono kichwani. Sikutoka nje.

Saa kumi mlango ukagongwa. Sikufungua mpaka niliposikia sauti ya Saynab. Alikuja na Kaaha, mama yake Nunow. Kaaha hajui Kiswahili. Alisimama mlangoni, akakataa kiti, akasema maneno mengi bila kupandisha sauti. Saynab alitafsiri.

"Anasema Nunow amechukuliwa. Askari walikuja na karatasi. Kuna mkubwa wa shifta wa upande wa Diff, anaitwa Bare Nuh. Wanasema Nunow ni mtoto wake."

Nikauliza: je, ni kweli?

"Anasema bwana yake alikufa kwa homa, miaka saba sasa, amezikwa Griftu. Bare Nuh wako wengi, anasema, kama vile huko kwenu kuna Yohana wengi. Afisa alimwomba karatasi ya kifo. Anasema: kaburi la jangwani lina mawe, halina karatasi."

Kaaha akaninyooshea kidole.

"Anasema hapa mjini watu wote wanamwita Nunow Bare. Jina la babu mtoto hufundishwa na mama yake kabla hajajua kuchunga, ili ndugu zake wamjue popote atakapopotea. Anasema: askari si ndugu. Nani aliwapa?" Saynab akasita. Kisha akamaliza: "Anasema ni wewe. Anasema ulimfunga kamba vizuri, ukampeleka mnadani."

Mimi ndiye niliyemfundisha Saynab kwamba mkalimani hapunguzi wala haongezi. Amejifunza.

Jumamosi, 10 Septemba

Kwa Kioko. Alifunga mlango kwanza. Barua zote za maombi hupitia kwa watu wa usalama, amri ya tangu Juni. "Mimi nilizipeleka tu juu, Mzee. Ndiyo kazi." Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akaniuliza kwa nini sikuuliza.

Watakaothibitishwa kuwa watu wa shifta watapelekwa mbali Jumatano kwa lori. Wapi? Hajui. Kwa muda gani? Akatazama dirishani.

Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba ipo njia. Ushahidi wao wote ni ile barua. Mwalimu akiandika kwamba ilikuwa zoezi tu, kwamba majina na mahali aliyatoa yeye mwenyewe kichwani yawe mfano kwa darasa — basi ushahidi hakuna. Mzee Mkristo wa bara ataaminiwa.

Nilimwambia hilo ni uongo wenye sahihi.

"Ndiyo, Mzee," akasema. "Ni huo."

Jumapili, 11 Septemba

Kanisani tulikuwa sita. Sikusikia mahubiri.

Mwaka wa hamsini na nne, mkoloni akiwasaka wapiganaji wa msituni, nami niliketishwa juani namna hiyo. Mtu aliyevikwa gunia alipita mbele yetu, macho yake yakionekana katika matundu mawili, akitikisa kichwa au akikiinamisha. Mbele yangu alikiinamisha: huyu ni wao. Nilikaa kizuizini Manyani miaka miwili. Faili langu bado liko mahali fulani — serikali imebadilika, makabati ni yale yale. Afisa akilifungua, ataona nini? Mzee wa aina gani anamtetea kijana wa aina gani?

Na tena: kama ni kweli? Nina neno la mama tu. Kama Bare Nuh yule ndiye baba yake, nami nimetia sahihi, na kesho kutwa lori jingine likakanyaga bomu —

Sijala tangu jana.

Jumatatu, 12 Septemba

Wamekuja watano. Nilitoa zoezi: kunakili barua rasmi. Mwishoni nikakusanya karatasi. Hakuna hata moja yenye jina.

Nikauliza, ya nani hii? Na hii? Hakuna aliyeinua mkono. Nimefundisha miaka thelathini na minane, sijawahi kusahihisha kazi ya watu wasiokuwapo.

Saynab alibaki nyuma. Aliuliza kama ni kweli kwamba ofisini barua ya mtu husomwa na watu asiowaandikia. Nikasema ndiyo. "Hiyo hukutufundisha," akasema. Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali.

Jumanne, 13 Septemba

Nimeitwa. Kesho saa mbili, nikaitambue barua.

Nimepiga taipu mistari minne. Neno "zoezi" nimelikosea mara tatu, mimi! Karatasi imetoka safi mara ya nne. Sijatia sahihi.

Jumatano, 14 Septemba

Ninaandika haya kwa penseli, benchi la varanda ya ofisi. Saa mbili na nusu. Lori limesimama chini ya mti wa mgunga, injini inanguruma. Wamo watu tayari.

Nilitia sahihi alfajiri. Kioko aliipokea hapa hapa, akaifunika kwa faili, akaingia nayo kwa afisa. Nilisikia mlango ukifungwa. Uongo wangu wa kwanza kwa maandishi — na moyo ulitulia! Nilidhani nitaona haya. Niliona tu kwamba naweza kupumua.

Dakika kumi baadaye wakampitisha Nunow mbele yangu. Midomo imepasuka kwa jua, mikono imefungwa. Aliniona, akajaribu kusimama wima kama darasani.

"Mwalimu! Usiogope," akasema. "Jana nimewaambia yote. Barua ile ni kweli yangu, kila neno, hakuna mtu aliniandikia. Wameandika, nimeweka sahihi. Nilisema ukweli ubaki mmoja, kama ulivyosema."

Askari akamsukuma ndani kwa afisa. Sikupata kumwambia kwamba nami nimetia sahihi, na yangu inasema kinyume.

Kioko ametoka. Uso wake umekuwa wa majivu. Haketi, haondoki. Nimemwuliza kama karatasi yangu inaweza kurudishwa. Anatazama mlango tu.

Mlango haukufungwa vizuri. Namsikia afisa. Anaisoma karatasi kwa sauti, polepole, anamsomea Nunow. Ni yangu. Amemaliza mstari wa tatu. Sasa anamwuliza ni nani kati yetu wawili anayedanganya —