Pongo ama Bongo

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mvua ya mawe imetunyeshea dakika ishirini nzima na kutwanga chai hadi sehemu nyingine vimebaki vijiti tu. Sasa imetulia. Baridi ni kali, nami nimekaa nje ya mlango na blanketi mabegani, nikiandika kwa kidole kimoja.

Sina furaha leo. Afadhali niseme mapema, ili anayetafuta kicheko aende kwa blogu nyingine.

Leo mchana Mama ameniambia jambo ambalo amelikalia karibu miaka thelathini. Alilisema hivi hivi tu, akimenya viazi. Nitafika hapo, lakini lazima kwanza nieleze habari ya shamba la chini.

Shamba letu liko upande wa Bomet. Linateremka kutoka barabarani hadi kijitoni, na ng'ambo ya kijito ndipo msitu unapoanzia. Juu kuna nyumba na ng'ombe, katikati ni chai, na chini kabisa, ekari mbili na kitu, kulikuwa na kichaka. Babu aliwinda hapo. Baba naye aliwinda hapo kwa upinde akiwa kijana, mpaka serikali ilipopiga marufuku uwindaji. Majirani wote walifyeka vichaka vyao wakapanda chai. Baba alikataa. Halafu katikati ya miaka ya tisini, mtu mzima, mzee wa kanisa, akaanza kukitengeneza kile kichaka kiwe mahali pazuri pa mawindo.

Mawindo gani, na ni marufuku? Watu walimcheka wazi wazi. Mimi nilikasirika. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani wa kupima majani kwenye kituo cha kuuzia chai, nimepata msichana wa kuoa, na kichwani mwangu zile ekari mbili zilikuwa tayari zangu. Kila jioni nilisimama pale juu nikiona mistari ya chai mahali ambapo Baba aliona pongo.

Kwa asiyemjua, pongo ni swala wa vichakani, mkubwa kupita mbuzi kidogo. Jike lake ni jekundu la kahawia, lina madoa na mistari myeupe hafifu. Zamani walikuwa wengi hapa kwetu. Mbwa na fensi zilipoongezeka, wakahama mmoja mmoja, na Baba alitaka warudi.

Alianza na maji. Alikata miti mitano ya bulugamu iliyokuwa ikinyonya chemchemi, akachimba kidimbwi, akakipaka udongo wa mfinyanzi ndani, na baada ya wiki chache maji yalikuwa yanafika magotini. Kisha chumvi. Alichonga gogo likawa hori, akachanganya chumvi ya ng'ombe na majivu na udongo mwekundu, akaliezekea paa la nyasi ili mvua isiyeyushe. Alipanda viazi vitamu pembeni mwa kichaka, na tulikatazwa kuchuma hata jani moja. Mbwa wetu wawili wakafungwa kamba. Njia ya kuingilia aliikata nyembamba, yenye kona kona, kwa sababu pongo, alisema, haamini njia iliyonyooka.

Upande wa juu akatengeneza uwanja wa kulenga shabaha. Alijaza gunia maganda ya mahindi, akalichora duara tatu kwa chokaa, nyuma yake akainua tuta la udongo la kuzuia mishale, halafu akahesabu hatua arobaini. Mishale ilikuwa butu, haina chuma, vijiti vyake alivitoa kwa mjomba wetu kule Sigor ambako kuna vichaka vikavu. Jumamosi alasiri wazee wa rika lake walikuja na pinde walizoteremsha kutoka darini. Aliyekosa gunia alibeba ndoo kwenda kujaza kidimbwi. Sijawahi kuona wazee wakichekana namna ile! Mmoja alikosa mara nne mfululizo akadai ni upepo, na siku hiyo hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani.

Baba alijenga pia kibanda cha kujifichia, hatua thelathini kutoka kwa chumvi. Alfajiri alikaa humo na upinde usio na mshale. Siku moja nilimuuliza kwa hasira kidogo anawinda nini hasa.

"Weri," akaniambia, maana yake kijana wangu, "serikali imekatasa kuua. Haijakatasa kulenka."

Alisema hivyo hivyo, imekatasa, kulenka. Huo ndio ulimi wetu sisi Wakipsigis. B na P kwetu ni kitu kimoja, G na K vilevile, S na Z pia. Mimi mwenyewe kwenye kitambulisho ni Kibet na kwenye cheti cha ubatizo ni Kipet.

Pale kituoni ulimi huo ulinitesa sana. Kulikuwa na Ouma, fundi wa kiwandani aliyekuja kurekebisha mizani, kwao ni upande wa ziwani. Mtu mzuri, mcheshi, na mdomo wake haukuwa na breki. Siku yangu ya kwanza niliwatangazia wakulima, "Tunabima majani sasa!" Ouma akaangua kicheko. Akawaambia akina mama pale foleni wafurahi, karani mpya amekuja kuwakatia bima. Jina likanishika. Mwaka mzima nilikuwa Bwana Bima.

Basi nikajifunza. Nilishika kipande cha karatasi mbele ya midomo, mbele ya kioo, nikirudia: pima, bima, panda, banda. Ukisema P vizuri, karatasi inapepea. Ukisema B, inatikisika kidogo tu. Nilifanya hivyo kwa miezi, peke yangu, mlango umefungwa.

Tafadhali ukumbuke hiyo karatasi.

Pongo alikuja karibu mwaka wa pili. Baba alinishika mkono asubuhi, akaniongoza hadi kibandani. Alikuwa jike. Alisimama horini akilamba chumvi, na tulikaa kimya hivi kwamba tulisikia ulimi wake ukikwaruza mti. Nilimwangalia Baba. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Na mimi nilifikiria nini? Nilifikiria kwamba sasa huyu mzee hatafyeka kichaka hiki milele.

Wiki hiyo hiyo, pale kituoni, kulikuwa na mgeni. Alikuwa bwana mmoja wa mjini, rafiki wa mtu fulani mkubwa, mwenye gari refu la kijani na kofia ya ukingo mpana. Alisimama karibu na mizani akimsubiri Ouma, ambaye alikuwa akimtengenezea kitu kwenye gari lake. Nikawa namsimulia Ouma habari ya Baba na mnyama wake, kwa kulalamika, kama kawaida yangu. Nikasema bongo. Ulimi uliteleza tu, naapa. Mara hiyo ya kwanza uliteleza.

Ouma akainua kichwa. "Bwana Bima, umesema pongo ama bongo?"

Sasa, bongo ni mnyama mwingine kabisa. Ni mkubwa, mwekundu, mwenye mistari myeupe inayoonekana kama imepakwa rangi na pembe za kujipinda. Yuko ndani kabisa ya msitu, na hata wakati huo wazee wengi walikuwa hawajamwona kwa macho yao. Mgeni aligeuka akaniangalia. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, mtu wa aina yake alikuwa ananiangalia.

Wafanyakazi wawili wakaanza kucheka, wakingoja nijikwae.

"Bongo," nikasema. "Kwani mimi sijui kuongea?"

"Ana mistari?" mgeni akauliza.

"Anayo."

Ouma akaniuliza tena, safari hii bila utani, kama nina hakika. Nikamjibu bongo, na nikamwonyesha mgeni kwa kidole kilima chetu. Nikamwambia pia kwamba Jumapili sisi sote huwa kanisani.

Hakuna aliyeniuliza habari ya Jumapili.

Jumapili tukaenda. Mama alibaki nyumbani, alikuwa na homa. Tulikuwa kwenye wimbo wa pili, Baba mbele na wazee wenzake, mlio wa bunduki ulipokuja kutoka chini kijitoni. Mmoja tu. Watu waliendelea kuimba. Baba alinyamaza, akafunga kitabu chake, akatoka kwa mlango wa kando na kofia mkononi. Nilimfuata. Hakukimbia. Nilitaka akimbie, ili nami nikimbie nyuma yake, lakini alitembea mwendo wa kawaida hadi chini.

Pongo alikuwa amelala karibu na hori, amekufa. Chuchu zake zilikuwa na maziwa. Mtoto wake hatukumwona siku hiyo wala siku nyingine.

Mama alisimama pale amejifunga shuka, akitetemeka kwa homa. Alituambia alimsikia yule bwana akisema, "Aaah, ni pongo tu," kisha akapanda gari lake akaondoka. Hata hakumgusa.

Pongo tu. Miaka hii yote nimeishi na hilo neno, "tu".

Jirani mmoja alikuja na kisu, maana nyama ni nyama. Baba akamrudisha kwa adabu. Alichimba shimo mwenyewe, akakataa nimsaidie, akamzika akiwa bado na suti ya kanisa. Jumatatu alfajiri nilisikia panga. Nilimkuta anafyeka kile kichaka, ameanzia kwenye kibanda. Hori lilikuwa limeshapasuliwa kuni. Alifuta jasho, akaniambia bila kunitazama, "Haya, weri. Banda chai yako."

Nilipanda. Nikaoa. Ile chai imesomesha watoto wangu wanne. Baba hakulenga tena, na wazee wa Jumamosi wakaacha kuja. Hakuniuliza lolote mpaka tulipomzika, na mimi sikusema. Nilijiambia hajui. Ni mara ngapi nimejiambia hivyo!

Sasa leo.

Mjukuu wangu alikuwa jikoni akisoma kitabu cha wanyama kwa sauti. Akasoma pongo. Mama, ambaye ni mzee sana sasa lakini masikio yake yako sawa, akarudia, "Eee, bongo." Mtoto akacheka, akamsahihisha. Mama naye akacheka. Halafu akashika kiazi bila kukimenya, akaniambia kwamba ile Jumatatu, nilipokuwa kazini, Ouma alikuja nyumbani. Alivua kofia mlangoni. Alimwambia Baba, "Mzee, nisamehe. Huyo mtu nilikuwa naye mimi. Lakini kijana wako ndiye alisema bongo. Nilimuuliza zaidi ya mara moja."

Na Baba akamjibu, Mama anakumbuka vizuri, "Ouma, wewe unatujua. Alisema bongo. Mdomo yetu tu ndio haiwesi."

Unaona? Alitaka kusema pongo. Alikuwa anamweleza Ouma kwamba mimi nilisema pongo, na hata hilo alilisema kwa B. Ouma alielewa, akashika mkono wake, wakanywa chai. Baba akamwagiza Mama asiniambie kamwe, ili nisije nikaonea aibu ulimi wa kwetu, au nikafikiri nimeua mnyama kwa sababu sijui kutamka.

Kumbe alikuwa ananikinga mimi.

Nilitoka nje nikasimama chini ya paa mvua ya mawe ikipiga, nikalia, mwanaume wa umri wangu. Heri angenichapa. Heri angenifukuza kwa lile shamba. Yeye alitafuta sababu ya kunisamehe, akaipata katika kitu kile kile nilichokuwa nikijifungia chumbani kukiondoa.

Kwa sababu mimi nilijua, Baba. Karatasi ilikuwa inapepea vizuri kabisa mwaka ule. Nilisikia swali la Ouma na nilisikia jibu langu.

Mvua imeharibu ile chai ya chini kuliko sehemu nyingine yote. Vijana wangu wanasema itachipua tena, na ni kweli. Lakini nimeamua kung'oa mistari ile iliyo karibu na chemchemi na kuacha kichaka kiote. Chumvi ya ng'ombe ipo stoo. Gogo nitachonga mwenyewe, ingawa mikono yangu ni ya karani. Sijui kama ng'ambo ya kijito kumebaki pongo hata mmoja.

Hiyo ni kazi ya Jumatatu. Kesho ni kanisa, na kabla ya kanisa Mama huota moto jikoni akisubiri maji yachemke. Nitavuta kigoda nikae karibu naye. Nitamwambia kwamba Baba alikosea kitu kimoja tu, kwamba mdomo wangu uliweza.